Mche Huu Umetoka Wapi? Maneno kwa wanachama wa bustani baada ya safari ya Amani

Mama Mwenyekiti, Katibu wetu, wazee wangu, kina mama na vijana wa chama hiki: asalaam alaikum, na Bwana asifiwe. Walio wakubwa kwangu, shikamooni.

Nimepewa nafasi niseme machache kuhusu safari yetu ya bustani ya Amani, kule milima ya Usambara Mashariki. Habari za njiani mnazo, maana wengi tulikuwa kwenye basi moja: lami hadi Muheza, kisha vumbi, kisha zile kona za kupandia mlima, na baridi iliyowashtua waliotoka Tanga mjini na kanga moja mabegani. Picha zimejaa kwenye simu zetu. Mimi nataka tuzungumze swali aliloliuliza kijana mmoja wa chama tukiwa tumesimama chini ya mkafuri. Alivunja jani, akalinusa, akampa jirani yake naye anuse, kisha akauliza: "Huu umetoka wapi, na nani aliuleta?"

Mwenyeji wetu alijibu vizuri, ila msafara ulikuwa unasonga na jibu likaishia katikati. Naona swali lile linastahili jibu refu, kwa sababu ndilo lililoifanya Amani iwe Amani. Tena ni swali ambalo sisi, watu wa kupeana miche kila mwezi, hatuulizani hata siku moja.

Nianze na waliovunjika moyo kidogo, maana niliwasikia. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Bwana shamba, maua yako wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukiambiwa bustani unategemea matuta, vijia vya kokoto na bogenvilia iliyopogolewa. Pale ulikuta msitu, na ndani ya msitu mistari ya miti mikubwa iliyosimama kwa mpangilio ambao jicho huutambua pole pole. Amani ilianzishwa mwaka 1902 na serikali ya Wajerumani kama taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe. Walitaka kujua ni mimea gani ya dunia inaweza kukua katika koloni lao na kuwaletea fedha. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Baadaye akaja Albrecht Zimmermann. Walichukua mteremko mzima, kuanzia mabondeni karibu na mto Zigi hadi juu kwenye ofisi, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari, wakagawa vitalu vya majaribio vilivyoenea karibu hekta 300. Wakaleta miche na mbegu kutoka Asia, Amerika, Australia na pembe nyingine za Afrika. Mikafuri, mitiki, mikungumanga, midalasini, miti ya kwinini, miti ya mpira ya aina kadhaa, mianzi, michikichi na minazi ya kila namna. Kila mmoja ulipandwa ili uangaliwe: utakua au hautakua? Utazaa? Utaugua?

Kwa hiyo tulichotembelea ni majaribio yaliyozidi miaka mia moja, ambayo hayajaisha. Waliopanda wamekufa wote. Miti bado inaendelea kujibu.

Jibu la kwanza nililotaka mlione lilikuwa kwenye udongo, na tulilipita haraka mno. Kabla hata ya taasisi kuanzishwa, walowezi walikuwa wamekwisha kupanda kahawa huko juu; shamba la Derema lilianza mwaka 1891. Waliona miti minene, mirefu, kijani kila upande, wakasema ardhi inayobeba msitu wa namna hii lazima ina rutuba kupita kiasi. Wakafyeka, wakapanda. Kahawa ikastawi kidogo, kisha ikadhoofika, na mashamba yakafa. Udongo wa Usambara Mashariki ni mkongwe, umeoshwa na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na una asidi nyingi. Chakula cha msitu ule kiko juu juu, kwenye majani yanayoanguka na kuoza na kunyonywa tena na mizizi kabla mvua haijakizoa. Ukiondoa miti umeondoa ghala lenyewe. Chai ndiyo iliyokubali, kwa sababu chai inapenda udongo wenye asidi, na ndiyo maana tulipita kwenye yale mashamba ya chai yaliyonyooka kama zulia.

Sasa shukeni nami hadi Tanga mjini. Udongo wa wengi wetu wanaokaa karibu na bahari ni mchanga juu ya matumbawe, una chokaa. Mmea wa kupenda asidi ukiuweka hapo, majani mapya yanakuja ya manjano na mishipa ya kijani, kwa sababu chokaa huufanya mzizi ushindwe kuchukua chuma hata kama kimo udongoni. Halafu tunaongeza samadi, tunaongeza maji, tunalaumu dawa. Kabla ya kununua mche unaokupendeza, ulizia udongo wa kwao. Habari hiyo peke yake itawaokoa watu hapa fedha nyingi.

Nikija kwenye kwinini, nitasema kidogo tu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia meli za Ujerumani zilikuwa zimezuiwa, dawa haziingii, na Amani ikatengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyokuwa imepandwa pale kwa majaribio. Miti iliyoletwa kutoka milima ya Amerika Kusini kwa njia ndefu ikawa dawa ya malaria katika vita vya Afrika Mashariki. Mpaka leo utafiti wa malaria una historia ndefu pale Amani.

Ndugu zangu, mti ambao ningependa tusimame mbele yake kwa muda mrefu kuliko yote hakuna aliyeupiga picha. Na hakuna sababu ya kuupiga, maana mnao nyumbani. Ni ule tunaouita mpira, ambao majani yake ndiyo kisamvu cha mpira. Nani hapa hana kisamvu cha mpira nyuma ya jiko, au hakuchuma kwa jirani? Tunautumia kama uzio, tunatwanga majani yake, tunayatia nazi, na kwa wengi wetu habari inaishia hapo.

Mti huo kwao ni Brazil. Wajerumani waliupanda kwa wingi katika mkoa huu kwa ajili ya utomvu wake, ukijulikana kama mpira wa Ceará. Ilikuwa biashara kubwa. Kisha mashamba ya Asia yaliyopanda mpira wa aina nyingine, ulio bora zaidi, yakaanza kuuza, bei ikaanguka mwaka 1913, na mashamba yetu ya mpira yakabaki vichaka. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, mti ulikuwa umeshindwa, na kama ungekuwa kwenye bustani ya mtu mwenye haraka ungeng'olewa.

Baada ya vita Amani ikaingia mikononi mwa Waingereza, ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Miaka ya 1930 wakakuta wakulima wanalia na muhogo. Magonjwa yalikuwa mawili, na yote mnayajua. La kwanza batobato, jani linajikunja na kuwa na mabaka ya manjano, na mmea unadumaa. La pili michirizi ya kahawia, ambalo ni baya zaidi kwa moyo wa mkulima, kwa sababu shamba linaweza kuonekana zima kabisa. Unang'oa muhogo mnene, unaumenya, unakuta ndani una madoa makavu ya kahawia, haufai hata kuchemshwa. Ni mtafiti wa Amani, H. H. Storey, aliyeuelezea ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Yeye na mwenzake Nichols ndio pia walioonyesha kwamba batobato husambazwa na inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka kama unga ukitikisa jani.

Kujua adui ni nani ni jambo moja, na kumshinda ni jingine. Walikusanya mihogo ya sehemu nyingi wakaijaribu. Kinga iliyokuwemo haikutosha. Ndipo wakageukia ndugu wa muhogo wa porini na wa miti, na miongoni mwao ulikuwa huu mpira wetu. Mpira na muhogo ni ukoo mmoja, na ule mti mgumu ulikuwa ukisimama kwenye maambukizi bila kutikisika. Wakauzalisha na muhogo kwa mkono, ua kwa ua. Machotara wa kwanza walikuwa na kinga lakini mizizi yao haikuwa ya kuliwa kwa furaha. Wakawarudisha tena kwa muhogo, wakachagua waliobaki wazima, wakarudisha tena, wakachagua, na tena. Kazi hiyo ilichukua miaka, ikapita mikononi mwa watafiti kadhaa, hadi miaka ya 1950.

Mazao ya kazi hiyo yalikwenda mbali. Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na kutoka kwenye kizazi chake kikapatikana chanzo cha kinga dhidi ya batobato ambacho wataalamu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki pale Ibadan, walikijengea mihogo yao kuanzia miaka ya 1970. Mihogo ya ukoo huo imelimwa na mamilioni ya watu Afrika, na wengi wao jina la Amani hawajawahi kulisikia.

Lakini sikilizeni yaliyotokea huku kwetu, kwa sababu hapa ndipo pananigusa. Mmoja wa machotara wale alikuwa na namba tu: 46106/27. Wakulima waliupenda, wakapeana pingili, shamba hadi shamba, kijiji hadi kijiji, kama sisi tunavyopeana miche ya asumini. Namba ikapotea njiani, maana nani atakumbuka namba? Ukafika pwani ya Kenya ukaitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania ukaitwa Namikonga. Michirizi ya kahawia ilipochachamaa tena katika miaka ya 2000, watafiti wakahangaika kutafuta muhogo wenye kinga, na huu Namikonga ukaonekana kuwa miongoni mwa iliyo bora. Ndipo ikabidi kufuatilia nasaba yake kwa vipimo na kumbukumbu za zamani, ikajulikana kwamba Namikonga, Kaleso na 46106/27 ni mmea mmoja. Miaka hamsini mkulima alikuwa na hazina mkononi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hazina yenyewe ilitoka Amani, mlima unaoonekana kutoka Muheza siku ya anga safi.

Silaumu waliopeana pingili. Waliuhifadhi muhogo ule kuliko taasisi yoyote. Ninachosema ni kwamba kipande cha karatasi chenye mistari mitatu, kikifuatana na pingili, kingewapunguzia watu kazi kubwa.

Na kuandika kunafaa hata pale mmea unapokuwa wa hatari. Mwaka 1934 mtaalamu wa mimea wa kituo kile, P. J. Greenway, aliandika ripoti ya mimea ya kienyeji na ya kigeni iliyokuwa ikilimwa Amani. Miongo mingi baadaye, orodha za namna hiyo ndizo zilizowawezesha watafiti kupita kitalu kwa kitalu na kuuliza: ipi imekufa, ipi imebaki pale pale ilipopandwa, na ipi imetoka na kuingia msituni? Waliona mimea mingi ilikaa mahali pake kwa adabu, na michache ikatoroka. Lakini hiyo michache imefanya makubwa.

Mwenyeji wetu alituonyesha mmoja wao, ule mrefu wenye shina lililonyooka na jani lenye meno pembeni, Maesopsis eminii. Ndugu zetu wa Uganda wanauita musizi, na wana sababu nzuri ya kuupenda: unakua haraka, mbao zake zinatumika, unatoa kivuli. Kwao ni Uganda, Kongo, Afrika Magharibi, na hata kwetu huku Kagera uko kwa haki yake. Uliletwa Usambara mwanzoni mwa karne iliyopita. Baadaye, msitu ulipokatwa mbao kwa nguvu, ukapandwa kwa wingi kuziba mapengo. Tunda lake likiiva linakuwa jeusi kama zambarau, na hondohondo analipenda. Analimeza, anaruka, anaidondosha mbegu kilomita kadhaa mbele, ndani ya msitu ambao hakuna mtu aliyeupanda. Palipo na mwanya wa jua, mti unaota na kuwazidi mbio wenyeji. Mti uleule, mwema Bukoba, umekuwa tatizo Amani. Na hauko peke yake. Kuna kijiti cha kutoka Amerika kiitwacho Clidemia, chenye vitunda vya buluu nzito vinavyopendwa na ndege, nacho kimejaa kandokando ya njia za msitu. Wengine mliviona vitunda vile mkasema ni vizuri. Ni vizuri kweli, na ndiyo shida yake.

Kwa nini tujali, sisi wa pwani? Msitu wa Usambara Mashariki una mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hifadhi ya Amani ilipotangazwa mwaka 1997, hekta 8,380 pamoja na bustani yenyewe, ilikuwa hifadhi ya kwanza ya aina yake nchini. Na kama hilo liko mbali na maisha yako, basi fungua bomba. Maji ya Jiji la Tanga yanatoka mto Zigi, yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani. Mvua inayoshikwa na ule msitu ndiyo tunayoimwagilia kwenye waridi zetu.

Na tusidhani waliotorosha mimea walikuwa wazungu wa zamani peke yao. Magugu maji yaliyoziba ghuba za Ziwa Victoria yalitoka Amerika Kusini, na yalisambaa duniani kwa sababu yana ua la zambarau zuri la kuweka kwenye bwawa la bustani. Lantana, ambayo wafugaji wanaipiga vita kila mahali, ilikuwa ua la kizuizi. Ni watu kama sisi, wapenda bustani, wenye moyo mweupe, waliompa jirani tawi. Kila tunapokaa hapa na kubadilishana miche tunafanya kazi ileile iliyofanywa Amani, bila ripoti, bila namba, na bila mtu wa kurudi kuangalia baada ya miaka kumi.

Sisemi tuogope mimea ya kigeni. Nikisema hivyo nitakuwa naikana Tanga yenyewe. Muhogo ni mgeni, mkorosho ni mgeni kutoka Brazil, mwembe na mchungwa zimetoka Asia, na Muheza bila machungwa si Muheza. Mlangilangi unaonukia kwenye nyua zetu ulivuka bahari kutoka kusini mashariki mwa Asia. Mkrismasi unaowaka mwekundu mwezi wa kumi na mbili kwao ni Madagaska. Mkonge ulioujenga mkoa huu uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa, ni 62 tu vilivyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Hatuwezi kuwa na bustani ya Kiswahili bila wageni hawa. Ninachoomba ni tujue nani ni nani.

Na tukijua nani ni nani, tutawaona pia wenyeji tuliowasahau. Hapa naomba mniruhusu nizungumzie mimea miwili.

Wa kwanza ni kile kijimmea kidogo chenye majani ya manyoya laini na ua la zambarau, kilichokuwa kwenye miamba yenye kivuli, na ambacho mlinzi alikataza kukigusa. Kinaitwa Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za kifalme za Herrenhausen kule Hannover, akautangaza kwa wataalamu na kuupa jina hilo. Leo ni miongoni mwa maua ya vyungu yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani. Kuna vyama vizima vya watu huko vinavyokutana kwa ajili ya ua hilo moja tu. Makazi yake ya asili ni hapa kwetu, kwenye miamba ya chokaa ya upande wa Amboni na kwenye milima ya Usambara, na yanapungua kila miti ya kivuli inapokatwa. Nilipouliza kwenye basi nani analo nyumbani, mikono haikuinuka. Limekuwa ua la madirishani Ulaya, na Tanga hatunalo! Tena si gumu kulizalisha: jani moja zima, kikonyo chake kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, linatoa mizizi na kuzaa vijimche pembeni. Linataka kivuli, maji yasiyotuama, na usilimwagie juu ya majani. Ila tusiende kung'oa porini, hata mche mmoja. Tutafute kwa wauza maua, au tuombe jani kwa mwenye chungu, na tuandike tulikolitoa.

Wa pili ni msambu, ule mti ambao tunda lake kubwa la kahawia lilikuwa limening'inia mpaka watoto wakadhani ni fenesi. Wataalamu wanauita Allanblackia stuhlmannii, kwa heshima ya yule Stuhlmann niliyemtaja. Haupatikani porini nje ya Tanzania. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda kama samli, na watu wa milimani wameyatumia kupikia tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kubwa za chakula zikaanza kuyatafuta, na wanakijiji wa Amani wakaanza kuokota na kuuza mbegu. Ikaonekana mara moja kwamba hakuna aliyekuwa ameulima. Mbegu yake inaweza kukaa miezi mingi, hata kupita mwaka, kabla ya kuota. Kuna miti dume na miti jike, na hujui umepanda ipi mpaka utoe maua baada ya miaka mingi. Wataalamu wa kilimo cha miti wakajifunza kuubebesha, yaani kuunganisha kijitawi cha mti jike uliokwisha zaa kwenye mche mchanga. Fikirieni hilo. Taasisi ile ilileta miti kutoka kila bara ikaipanda kwa mstari, na msambu ulikuwa nje ya dirisha, ukiangusha matunda, ukasubiri karibu miaka mia moja mtu aulize namna ya kuuotesha.

Msambu hautastawi Tanga mjini, joto ni kali mno kwake. Lakini wapo miongoni mwetu wenye mashamba Muheza juu na upande wa Maramba. Hao nawaomba wafikirie.

Sasa nije kwenye maombi yangu, Mama Mwenyekiti, ambayo nimeyazungumza na Katibu kabla ya kusimama hapa.

Naomba chama kiwe na daftari. Siyo la mahudhurio na michango, hilo tunalo. Daftari la mimea. Kila mche unaotolewa hapa siku ya kubadilishana uandikwe: jina tunaloliita, jina la kitaalamu kama mtu analijua, umetoka kwa nani, yeye aliupata wapi, umepewa nani, tarehe gani. Asiyejua jina aandike "sijui" na alete jani, tutatafuta pamoja. Na kila mwaka, mwezi wa saba kabla ya likizo, tupitie daftari tuulizane: ule uliopewa uko hai? Umetoa miche mahali usipoupanda? Swali hili la pili ndilo la muhimu zaidi, kwa sababu mmea unaotoroka huanza kwa kuchipua kwenye mfereji wa jirani, na hapo bado unang'oleka kwa mkono.

Nyumbani tuweke vibao. Kalamu ya wino inafutwa na jua ndani ya msimu mmoja, mmekwisha kuona. Kata kipande cha bati laini, hata la kopo la soda, lilaze juu ya gazeti, andika kwa ncha ya msumari kwa kukandamiza. Maandishi yale hayafutiki. Lifunge kwa waya uliolegea kwenye tawi, siyo kwenye shina, na lisipigiliwe misumari. Waya ukikaza unaunyonga mti unaponenepa, kwa hiyo ulegezwe kila mwaka.

La pili, tuwe na orodha fupi ya mimea ambayo hatutapeana hapa, haidhuru ni mizuri namna gani. Napendekeza ianze na lantana, magugu maji na Clidemia. Mengine tutaongeza tukijifunza, na mwanachama yeyote aweze kuleta jina likajadiliwa. Kama kuna mtu anayo lantana uani kwake, asione haya, hakuna anayekaguliwa. Tunachoomba ni isitoke getini.

La tatu ni la vijana. Kile kitalu chetu cha pale nyuma, upande wa kivuli kimekaa bure. Nawaomba mkichukue kwa miti na maua ya kwetu: mkilua, mvule, Saintpaulia zikipatikana, na lolote la pwani ambalo bibi zenu wanalijua kwa jina. Nendeni mkawaulize wakati bado wapo. Viriba vipo stoo, udongo na samadi vitagharamiwa na chama, kama kikao kitaridhia.

Na kuhusu safari ijayo, yapo mawazo ya kurudi Amani, yapo ya kwenda Lushoto, ambako kituo cha utafiti wa misitu kina bustani yake ya miti na hazina ya mimea iliyokaushwa na kuandikwa majina. Mimi nitaunga mkono Lushoto, kwa sababu tutaona kwa macho yetu jinsi mmea unavyobanwa kwenye karatasi, unavyokaushwa na kuandikiwa, na hilo litatusaidia kwenye daftari. Wenye magoti mabovu wasiwe na wasiwasi, gari linafika mjini Lushoto kwa lami.

Mama Mwenyekiti, mapendekezo matatu hayo nayakabidhi kwako yapigiwe kura kabla hatujaanza kugawana miche ya leo. Daftari limekwisha kununuliwa, liko mezani kwa Katibu pamoja na kalamu mbili. Nimeleta vipandikizi vya mlangilangi kumi na viwili, na vya kwangu nimeviandika ukurasa wa kwanza. Ahsanteni sana.